UZI: Kupoza oili ya injini kwenye Impreza iliyoongezwa nguvu, kwa mazingira ya Lubumbashi

BoxaLshi

Bandugu, salamu kwa wote. Wengi mmeniandikia pembeni kuuliza habari za rejeta ya oili niliyofunga kwenye Subaru Impreza STI yangu, na maswali yanafanana. Nayajibu hapa wazi, na mwenye hoja tofauti aiweke mezani.

Gari ni GDB (kodi ya toleo lake), injini EJ207 ya lita 2, usukani wa kulia, imepitia Dar na mpaka wa Kasumbalesa kama nyingi za mji huu. Turbo imebadilishwa ikawa kubwa zaidi, ekzosi imefunguliwa, programu ya injini imepangwa upya, inasukuma bar 1.4. Intakula, yaani kipoozeo cha hewa ya turbo, imebaki juu ya injini kama ilivyotoka kiwandani. Naitumia kila siku mjini, na siku nyingine inapigishwa kazi ngumu kwenye kiwanja cha mtu binafsi nje ya mji, mizunguko mfululizo bila kupumzika. Huko ndiko oili inakochemka.

Ninaloliamini kuliko yote: geji kwanza, rejeta baadaye. Geji mbili, ya joto la oili na ya presha ya oili. Ile sindano ya maji kwenye dashibodi haikuambii lolote. Maji yana thamostati na feni za kuyalinda, kwa hiyo sindano imetulia katikati huku oili iko 130 na inapanda. Nimeona watu wananunua rejeta ya bei kubwa bila kujua oili yao ilikuwa nyuzi ngapi kabla, na baada ya kufunga hawajui imeshuka nyuzi ngapi. Huo ni urembo wa mbele ya gari.

Namba ninazofuata mimi: chini ya 80 oili bado nzito, unyevu na petroli vilivyoingia ndani yake havijatoka, basi usikanyage. Kati ya 90 na 110 injini imestarehe. Ikigusa 120 kwa muda mfupi na oili ni sinthetiki nzuri, naendelea. Ikifika 130 natoa mguu.

Kwa nini 130? Kwa vipimo vya SAE, oili ya daraja la 40 ikiwa nyuzi 100 mnato wake unatakiwa uwe kati ya sentistoki 12.5 na 16.3. Ya daraja la 30 ni kati ya 9.3 na 12.5. Sasa ipeleke hiyo 40 mpaka 130: mnato unaanguka karibu nusu, inakuwa nyepesi kuliko 30 ilivyo kwenye 100. Umelipia 40, lakini beringi za konrodi zinapewa kitu chembamba kuliko 30, tena wakati ule ule turbo inasukuma kwa nguvu zote. Na EJ inajulikana kwa jambo hilo. Ikianza kugonga chini, hakuna dawa ya kumimina, bloku inafunguliwa.

Halafu kuna suala la mji wetu. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa takriban asilimia 11. Hilo linatuumiza kwa njia mbili. Kwanza turbo: geji ikisoma bar 1.4 pwani, turbo inazidisha hewa kama mara 2.4. Hapa, ambapo hewa ya nje ni karibu bar 0.88, kusoma 1.4 ile ile turbo lazima izidishe kama mara 2.6. Inazunguka kwa kasi zaidi, inatoa joto zaidi, na oili ndiyo inayopita katikati yake. Pili, rejeta yenyewe inapoozwa na hewa hiyo hiyo nyepesi, kwa hiyo kwa mwendo ule ule inabeba joto kidogo. Ukisoma uzi wa Wajapani au wa Waingereza wanasema rejeta ya safu 13 inatosha, ujue wanaongelea hewa yao. Mwezi wa kumi hapa unagonga 33 mchana.

Joto lenyewe ni kiasi gani? Fanya hesabu. Tuseme pampu inazungusha lita 30 kwa dakika na unataka oili itoke kwenye rejeta ikiwa imepungua nyuzi 15. Hiyo ni karibu kilowati 13 za joto unazotakiwa kuzitupa nje, mfululizo. Kiasi hicho hakitupwi na kirejeta kilichofungwa kwa waya nyuma ya bampa ambako hewa haifiki.

Na hapo ndipo penyewe. Hewa ni muhimu kuliko idadi ya safu. Hewa ni mvivu, inapita pale penye njia rahisi. Ukiweka rejeta katikati ya uwazi, hewa inaizunguka pembeni na kuendelea na safari yake. Lazima uifungie: dakti (njia ya hewa) ya bati la aluminiamu kutoka tundu la bampa mpaka uso wa rejeta, pembeni zote zimezibwa kwa mpira wa sponji, hewa isipate pa kutorokea. Mdomo wa dakti unaweza kuwa mdogo kuliko uso wa rejeta, hata nusu yake, mradi upanuke taratibu. Na nyuma hewa iwe na pa kutokea. Mimi nimeweka upande wa kushoto, nyuma ya tundu la taa ya ukungu, na plastiki ya ndani ya tairi nimeitoboa matundu marefu ili hewa ya moto inyonywe na eneo la tairi. Kabla ya kutoboa ile plastiki, oili ilikuwa inafika 121. Baada ya kutoboa, rejeta ile ile, siku yenye jua lile lile, ilisimama kwenye 108. Sikuongeza hata safu moja.

Rejeta ni ya safu 19, ya sahani zilizopangwa, mipira ya kupitisha oili ni ya saizi ya 10. Sahani ya sandwichi, ile inayobanwa juu ya filta ili kupeleka oili kwenye rejeta, ina thamostati na inakaa kabla ya filta. Kile kipoozeo kidogo cha oili kinachotumia maji, ambacho Subaru nyingi za turbo zinatoka nacho kiwandani, kati ya bloku na filta, nimekiacha. Asubuhi kinasaidia oili kupata joto upesi, kwa sababu maji yanawahi kupasha.

Karibuni.

---

Fundi_Kampemba

Ya BoxaLshi, aksanti kwa uzi. Mimi ni fundi, na nitasema wazi: wateja wangu wengi nimewapeleka kwenye 10W-60, yaani oili ya daraja la 60, na presha imepanda, hawajahitaji rejeta. Rejeta ni viungo vinne vya ziada vinavyoweza kuvuja, mipira miwili inayoweza kupasuka, na barabara zetu mnazijua. Kwa nini tusianze na oili nzito?

---

BoxaLshi

Hoja nzuri, Fundi, na kuhusu viungo kuvuja niko upande wako. Kila kiungo ni hatari, ndiyo maana sitaki mtu afunge rejeta kama geji haijasema anaihitaji.

Lakini 60 haipunguzi joto. Oili nzito inasuguana zaidi ndani yake yenyewe, na msuguano huo unazaa joto. Presha unayoiona imepanda inatokana na ugumu wa kupita, si lazima iwe kwamba oili nyingi zaidi inafika kwenye beringi. Asubuhi za Juni na Julai hapa kunashuka chini ya nyuzi 10, na 10W-60 wakati huo inachelewa kufika juu kwenye kamshafti na kwenye turbo. Mteja anawasha saa kumi na mbili, saa kumi na mbili na dakika mbili ameshakanyaga.

Halafu kuna uchakavu. Kanuni ya jumla ni kwamba kila joto likiongezeka nyuzi 10, oili inaoza kwa kasi karibu mara mbili. Oili inayofanya kazi 130 badala ya 110 itafanya vidanje (kubadilisha oili) ya kilomita 5,000 kuwa ndoto. Ukinusa stiki inanuka moto, ukiishika kwa vidole inateleza kama maji ya sabuni, hiyo imekwisha hata kama rangi bado nzuri.

Mimi natumia 5W-40 mvua na baridi, 10W-50 kuanzia Septemba. Ukiwa na wateja wenye 60 na geji ya joto, leta namba zao, nitazisoma kwa moyo mmoja.

---

Fundi_Kampemba

Geji za joto hawana. Nitafunga moja kwenye gari ya mteja anayekubali, halafu nirudi.

---

Mzee_Hidroliki

Vijana, nimesoma yote. Mimi sijui mambo ya turbo, kazi yangu ni mipira ya hidroliki ya mashine za migodini, miaka mingi sasa. Kila wiki anakuja kijana mmoja na gari iliyopakwa rangi nzuri ananiomba nimtengenezee mipira ya oili, na ningependa mjue mnachokiomba.

Ile mipira ya bei mnayoagiza kutoka Japani au Uingereza, ya saizi ya 10, kiungo chake kina koni ya digrii 37 na thredi ya 7/8 kwa 14, yaani upana wa inchi 7/8 na thredi 14 kwa kila inchi. Viungo vyetu vya hidroliki vya kipimo cha JIC, saizi ya 10, ni koni hiyo hiyo na thredi hiyo hiyo. Vinaingiliana. Kwa hiyo mipira mnaweza kutengenezewa hapa hapa mjini, ikabanwa kwa mashine, wala haitachomoka. Tunabana mipira ya bar mia kadhaa, oili ya injini yenu haifiki hata bar 10.

Tatizo si presha, tatizo ni joto. Mpira wa kawaida wa hidroliki, ule wa R1 au R2 ambao kila duka linao, umeandikwa mwisho nyuzi 100. Oili yenu inapita hapo kila siku. Mpira hautapasuka leo. Utakauka ndani, utaanza kumeguka vipande vidogo, na vipande hivyo vinaelekea wapi? Kwenye injini. Nje utauona mzima kabisa. Nimewahi kuupasua mpira wa namna hiyo kwa kisu, ulikuwa umetoka kwenye gari ya mtu: nje mweusi unang'aa, ndani umepasuka pasuka, ukiukunja unatoa unga.

Ombeni mpira wa joto la juu, upo unaokwenda 121 mpaka 150, na maandishi yamechapwa ubavuni mwa mpira, yasomeni wenyewe kabla haujakatwa. Au ombeni wa teflon uliosukiwa waya wa chuma, huo unavuka 200 bila shida, lakini usikunje kona kali, ukivunjika kiuno haurudi. Na waambieni wanaokata mpira waupulize na kuuosha ndani baada ya kukata. Msumeno unaacha vumbi la chuma.

---

BoxaLshi

Papa, aksanti sana. Hii ya maandishi ubavuni kila mtu aiweke kichwani. Mipira yangu ni ya teflon. Naongeza kitu kimoja juu ya waya wa chuma: unasugua kila kinachouugusa. Ukipita karibu na fremu au bomba la breki, baada ya muda unakata chuma kama msumeno. Vaeni mpira wa kinga juu yake, na mfunge kwa vibano vyenye ndani laini, visivyoyumba.

---

MwanaLikasi

Mukubwa BoxaLshi, shikamoo. Kuna jamaa ana rejeta za oili za Mazda RX-8, zilizotoka kwenye magari yaliyokatwa, anauza bei ya kawaida kabisa. Ni kubwa na zinaonekana imara. Zinafaa kwa EJ20? Na kama mapezi yamelala kidogo, naweza kuyanyoosha?

---

BoxaLshi

Marahaba ndugu yangu. Kwa ukubwa zinafaa sana. Injini za rotari zinategemea oili kwa sehemu kubwa ya upoaji wake, ndiyo maana Mazda waliweka rejeta kubwa toka kiwandani. Mapezi yaliyolala unayanyoosha kwa kitu chembamba cha plastiki, taratibu, hapo hakuna hofu.

Hofu iko ndani. Ile gari ilikatwa kwa nini? Kama injini ilikufa kwa beringi, vumbi lote la chuma lilizunguka na oili na likakaa ndani ya rejeta. Njia za ndani ni nyembamba, zina vizuizi vidogo vya kuikoroga oili, na vumbi linanasa humo. Unaosha kwa petroli, inatoka safi, unafurahi. Halafu oili ya moto nyuzi 110 inapita kwa nguvu, inalegeza kile petroli ilichoshindwa, na hakuna filta kati ya rejeta na beringi kama mpangilio wako unapeleka oili kwenye rejeta baada ya filta. Injini mpya inakufa kwa ugonjwa wa injini ya marehemu.

Ushauri wangu, na hapa siyumbi: rejeta isiyojulikana historia yake, iache. Na kama injini yako mwenyewe iligonga beringi, rejeta yako ya zamani iende kwenye chuma chakavu, mipira uibadilishe, sahani ya sandwichi ifunguliwe yote na kusafishwa. Okoa pesa kwenye rangi, okoa kwenye rimu, hapa usiokoe.

Na usinunue zile rejeta ndogo za giaboksi ya otomatiki zenye bomba moja linalojikunja kunja. Tundu lake ni jembamba, linakaba mtiririko wa oili yote ya injini, presha inashuka.

---

Dada_BelAir

Jambo kwenu. Mimi nina Forester ya turbo, imeongezwa nguvu kidogo tu. Shida yangu si kiwanja, shida ni foleni ya malori barabara ya Kasumbalesa. Naenda mita mia, nasimama, AC inafanya kazi, jua la Oktoba. Nikifunga rejeta ya oili kwa sababu hiyo itanisaidia? Na je, feni kwenye rejeta?

---

BoxaLshi

Dada, kwa foleni sidhani kama oili ndiyo inayokusumbua. Oili inapata joto kutokana na kazi: mizunguko mingi ya injini, mzigo mrefu, turbo imeshiba. Kwenye foleni injini inazunguka taratibu, oili inapanda polepole na mara nyingi haivuki 105. Kinachoteseka ni maji na intakula. Intakula ya Forester imelala juu ya injini, gari ikisimama inapikwa na joto la chini yake, na ukitoka kwenye foleni ukakanyaga, hewa inayoingia ni ya moto na injini inakosa nguvu.

Kwa hiyo angalia kwanza: feni zote mbili za rejeta ya maji zinawaka? Kifuniko cha rejeta bado kinashika presha? Kwenye mwinuko wetu maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo kifuniko kilichochoka kinatuadhibu mapema kuliko watu wa pwani. Mapezi ya rejeta ya maji na ya AC yamejaa vumbi jekundu na wadudu? Toa bampa, piga maji ya kawaida kutoka nyuma kwenda mbele, usitumie mashine ya presha kali karibu, inalaza mapezi.

Ukisha­maliza hayo, funga geji ya joto la oili, tembea nayo mwezi wa kumi wote. Kama haivuki 115, pesa yako ibaki mfukoni. Feni kwenye rejeta ya oili nimeiona inafaa kwa gari ambayo rejeta yake iko mahali hewa haifiki yenyewe. Rejeta ikiwa mbele kwenye bampa, feni inazuia hewa ukiwa kwenye mwendo.

---

Dada_BelAir

Kifuniko sijakibadilisha tangu ninunue gari. Naanzia hapo.

---

Bukavu_Milima

Mimi nasoma kutoka Bukavu, huku tuko karibu mita 1,500 na barabara ni kupanda na kushuka tu. Nataka kuongelea thamostati, maana kuna mafundi huku wanasema itolewe, oili ipite kwenye rejeta muda wote ili "ipoe vizuri". Napinga.

Bila thamostati, ukishuka mlima mrefu injini haifanyi kazi yoyote, hewa inapuliza rejeta, oili inaanguka mpaka 70. Unafika chini, unaanza kupanda tena na mguu wote, oili nzito na baridi. Unyevu hautoki. Nimefungua kifuniko cha oili cha gari ya namna hiyo nikakuta ute mweupe mpana, mwenyewe akadhani gasketi ya kichwa imekatika. Gasketi ilikuwa nzima. Oili ilikuwa haijawahi kufika joto la kukausha maji yake.

Thamostati za hizi sahani zinafunguka kuanzia karibu 80. Na watu wajue kwamba hata ikiwa imefungwa, huwa inaachia oili kidogo ipite kwenye rejeta. Hiyo imekusudiwa, ili rejeta isikae na oili baridi kabisa ambayo ingeingia kwenye injini kwa mkupuo itakapofunguka. Kwa hiyo ukigusa rejeta asubuhi ukaikuta vuguvugu, usiseme thamostati imekufa.

---

ArushaGT

Niungane na Bukavu. Mimi nauliza jambo la chini ya gari: sahani ya sandwichi inashusha filta kwa sentimita tatu hivi, na filta ya EJ inaning'inia chini mbele. Kwenye makorongo yetu nimeona filta imepigwa jiwe ikatoboka. BoxaLshi ulifanyaje?

---

BoxaLshi

Kaka, hili ndilo lililonikosesha usingizi kuliko mengine. Filta ikipigwa, oili yote iko barabarani kabla taa haijawaka.

Nimeweka filta fupi na bamba la chini la aluminiamu ya milimita 4, lenye tundu la kutolea filta. Lakini kwa filta fupi kuwa mwangalifu: ndani yake kuna vali ya kukwepa, inayoachia oili ipite bila kuchujwa shinikizo likizidi, na filta asili za Subaru za EJ vali yake inafunguka kwa shinikizo kubwa kuliko filta nyingi za magari mengine. Ukiweka filta yoyote tu kwa sababu thredi ya M20 kwa 1.5 imeingia, vali inaweza kufunguka mapema, na oili isiyochujwa ikapita kila unapokanyaga. Tafuta fupi iliyotengenezwa kwa ajili ya Subaru. Njia nyingine ni kuhamishia filta juu, pembeni ya betri, kwa bloku maalumu. Hiyo inaongeza mipira na viungo, Fundi Kampemba hatafurahi, lakini kwa gari ya rali ningefanya hivyo.

Na kabla sijasahau, sensa. Tundu la swichi ya presha kwenye bloku za Subaru ni 1/8 ya thredi 28, ile ya Kijapani. Sensa nyingi za Marekani ni 1/8 ya thredi 27. Zinakaribiana kiasi kwamba inaingia mizunguko kadhaa halafu inabana, fundi anaongeza nguvu, bloku ya aluminiamu inapasuka. Uliza kabla ya kununua.

---

Fundi_Kampemba

Kweli kabisa hiyo ya sensa. Nimeletewa bloku iliyopasuka hapo hapo, imetoka garaji nyingine.

Swali: unawasha vipi mara ya kwanza baada ya kufunga? Rejeta na mipira viko tupu.

---

BoxaLshi

Usiwashe moja kwa moja. Rejeta ya safu 19 inameza zaidi ya nusu lita, na mpira wa saizi ya 10 unashika kama mililita 150 kwa kila mita. Hewa yote hiyo ikisukumwa kwenye beringi za turbo, unaizika siku hiyo hiyo.

Mimi hujaza rejeta oili kwa mkono kabla ya kuifunga, viungo vikiangalia juu. Najaza mpaka iache kutoa mapovu, nainamisha huku na huku, najaza tena. Filta pia naijaza. Halafu nachomoa fyuzi ya pampu ya petroli na plagi za koili, napiga staata kwa vipindi vifupi mpaka sindano ya presha inyanyuke na kukaa. Ndipo narudisha kila kitu, nawasha, inaunguruma taratibu, nachungulia kila kiungo kwa tochi na kitambaa cheupe. Nazima, nasubiri oili ishuke kwenye sampu (beseni la oili chini ya injini), napima stiki, naongeza. Nikishaitembeza mpaka thamostati ifunguke, napima tena, kwa sababu hapo ndipo rejeta inajaa kikweli.

Viungo viangalie juu hata kwenye gari, au pembeni kama nafasi hairuhusu. Vikiangalia chini, hewa inanaswa juu ya rejeta na nusu ya safu hazifanyi kazi. Ukifanya vidanje kumbuka oili ya zamani iliyobaki kwenye rejeta haitoki kupitia plagi ya sampu. Nafungua mpira wa chini kila vidanje ya pili.

---

MwanaLikasi

Mukubwa, nimeachana na zile za RX-8. Nimepata rejeta mpya ya safu 19, matundu yake yameandikwa M22. Mipira ninayotaka kumpa Papa Hidroliki anitengenezee ina thredi ya 7/8. Nimejaribu kwa mkono, inaingia kidogo. Niifunge?

---

BoxaLshi

Simama hapo hapo, usiifunge. 7/8 ni milimita 22.2, kwa hiyo mdomoni inadanganya, lakini nafasi kati ya thredi na thredi ni milimita 1.8, wakati M22 ya rejeta ni 1.5. Itaingia mzunguko mmoja na zaidi kidogo halafu itakata aluminiamu ya rejeta yako mpya. Unahitaji viunganishi viwili, upande mmoja M22 kwa 1.5 vyenye oringi, upande wa pili koni ya saizi ya 10. Vinauzwa pamoja na rejeta za aina hiyo, mwandikie aliyekuuzia. Kikiwa sahihi kinaingia kwa vidole mpaka oringi iguse, bila spana.

---

Mzee_Hidroliki

Niletee rejeta na kiunganishi kijana wangu, nipime thredi kabla sijakata mpira. Kupima ni bure.